Gunia Kumi Juu ya Matairi ya Teksi

Tairi lilipasuka mchana, kilomita chache kabla ya Segera, nyuma upande wa kulia. Shemeji yangu aliilaumu barabara. Utingo alilaumu msumari ambao hakuna aliyeuona. Mimi niliomba kitu kimoja tu, wasilitupe.

Tulipolivua kwenye rimu, ndani mlikuwa na unga mweusi wa mpira, laini kama masizi, na ubavuni kulikuwa na mstari wa michubuko uliolizunguka tairi lote. Kashata zilikuwa bado nzima, nzuri tu, na hicho ndicho kilichomuuma shemeji, mwenye gari. Lakini unga ule hauletwi na msumari wala na shimo la barabarani. Ni ubavu uliojikunja kupita kiasi, mpira ukasagana kwa saa nyingi, hadi nyuzi za ndani zikaachia. Tairi linapozunguka, kila sehemu yake hubonyea inapokanyaga lami na kurudi inaponyanyuka, na kila kubonyea kunazaa joto. Ama upepo ulikuwa mdogo, ama mzigo ulikuwa mkubwa. Kwa tairi hayo ni jambo moja.

Gari lenyewe ni Hilux ya zamani, kebini moja, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kazi yake ni kushusha viazi na karoti kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam. Lilinunuliwa likiwa na rimu za chuma za inchi 14, zenye kutu, sura ya kusikitisha. Shemeji akaenda kwenye mitumba akapata rimu za aloi za inchi 15, zinang'aa, pamoja na matairi ya 205/65R15. Zilikaa bila shida kwa sababu Hilux hizo zina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, sawa na baadhi ya Toyota za saluni, Mark II ikiwemo. Fundi alikaza nati, gari likapendeza, kila mtu akaridhika. Rimu iliingia, na kwa watu wengi hapo ndipo maswali huishia.

Nilimwomba asome kilichoandikwa ubavuni baada ya saizi: 94H. Herufi ni ya mwendo, na H inaruhusu kilomita 210 kwa saa, mwendo ambao pikapu ile haitauona hata ikidondoka kutoka milima ya Magamba, juu ya Lushoto. Namba ndiyo ya mzigo. Si kilo, ni namba ya jedwali ambalo watengenezaji wote hulifuata: 94 ni kilo 670 kwa tairi moja, 100 ni 800, 106 ni 950, 112 ni 1,120. Ajabu ni kwamba wateja wengi huuliza inchi, huuliza kashata, huuliza nchi lilikotengenezwa, na namba hii, ambayo ndiyo pekee inayojibu swali la mwenye mzigo, inabaki palepale ubavuni bila msomaji.

Sasa hesabu. Kwenye mizani ya ghala moja tulilipima gari likiwa tupu na dereva ndani, kwanza ekseli ya mbele, halafu ya nyuma. Mbele kilo 900, nyuma 650. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na wepesi huo ndio unaowadanganya watu kwamba kuna nafasi tele. Lakini sanduku la pikapu limekaa karibu juu ya ekseli ya nyuma, hivyo mzigo ukipakiwa, takribani sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake huishia huko. Shemeji alikuwa akipakia gunia kumi. "Gunia kumi ni tani moja," alisema, na kwa hesabu ya tani moja tu ekseli ya nyuma ingebeba 1,550, yaani 775 kila tairi. Tayari ni zaidi ya 670.

Na gunia zenyewe zilikuwa lumbesa, yaani zilizojazwa kupita kipimo. Tulipima mbili, zile zenye kilemba kilichoshonwa kwa kamba. Moja ilikuwa kilo 127, nyingine 119. Tukakadiria kumi kuwa kama 1,230. Nyuma: 650 na kama 1,107, jumla 1,757, karibu 880 kwa kila tairi. Matairi mawili yaliyoruhusiwa 1,340 yalikuwa yakibeba zaidi ya 400 juu ya uwezo wao, safari baada ya safari. Kwa hiyo sikushangaa kwamba tairi lilipasuka. Nilishangaa kwamba lilichukua miezi. Lumbesa tumezoea kuisema kama dhuluma kwa mkulima, na ni kweli, lakini ina mlipaji wa pili, naye ni yule anayedhani amepakia tani moja.

Kuna jambo lililoficha kosa hili. Mwaka mmoja kabla, fundi alikuwa ameongeza springi nyuma, na tangu hapo gari halikuinama tena likipakiwa. Kulitazama kutoka pembeni, ungeapa limebeba nusu mzigo. Springi ikiimarishwa, sanduku halishuki, lakini uzito unaofika chini kwenye mpira ni uleule. Kilichoondolewa ni ishara ya macho. Mimi binafsi naona springi za nyongeza zimeua matairi mengi kuliko misumari, ingawa sina daftari la kuthibitisha.

Rimu nazo zina namba zao, na hapa watu wengi hawafiki kabisa. Za Kijapani huwa na alama ya JWL, inayomaanisha zimepita kipimo cha magari ya abiria. Kwa malori na mabasi alama ni JWL-T, herufi moja tu ya ziada. Za shemeji zilikuwa JWL, na kwa nyuma zimechongwa kilo 690. Hata angeweka tairi imara kiasi gani, rimu ingebaki na 690 zake. Rimu ya aloi iliyozidiwa pia haipindi ikakuonya kama ya chuma, ambayo fundi huigonga nyundo ikarudi. Aloi hupata ufa, mara nyingi karibu na nati au nyuma ya mkono wa rimu, usioonekana hadi siku yake.

Tukarudi kwenye zile rimu za chuma zenye sura ya kusikitisha. Zilisuguliwa, zikapakwa rangi, na juu yake matairi mapya ya 195R14C, 8PR, 106/104. Herufi C ni ya gari la biashara. Namba mbili ni kwa sababu tairi moja peke yake upande mmoja hubeba 950, na yakifungwa mawili mawili kila moja huhesabiwa 900, maana mawili pamoja hayagawani mzigo sawasawa. Hiyo 8PR haimaanishi kuna matabaka manane ndani. Zamani, enzi za nyuzi za pamba, ilikuwa hivyo. Siku hizi ni daraja la nguvu tu. Tairi hili ni jembamba kuliko lile la 205 na rimu ni ndogo. Shemeji aliliangalia kwa mashaka, kwa sababu macho yetu yamefundishwa kwamba upana ni nguvu. Nguvu ya kubeba haitoki kwenye upana peke yake. Inatoka kwenye hewa, na tairi la C limejengwa kustahimili hewa nyingi: hili hubeba 950 zake likiwa na psi 65.

Fundi wa pancha aliyajaza 35.

Ndivyo anavyojaza kila gari, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Tairi la C lenye upepo wa teksi hupoteza theluthi ya uwezo wake au zaidi, kwa hiyo kwa dakika zile chache tulikuwa tumenunua matairi mapya tukarudi karibu palepale tulipotoka. Wamarekani walijifunza hili kwa gharama ya maisha. Mwaka 2000 Firestone iliagiza matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, gari lililozaliwa kutoka pikapu ya Ranger. Kulikuwa na kasoro za tairi lenyewe, lakini Ford ilikuwa imependekeza psi 26 tu, na vifo vilikithiri kwenye majimbo ya joto, magari yakienda kasi na mizigo ya safari. Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama hadharani.

Joto letu lina ngazi yake. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Mombo chini ya mita 500, na kati yao ni kilomita 33 za kona. Asubuhi ya safari ya kwanza tulijaza 65 nyuma, kwenye baridi, matairi yakiwa hayajatembea. Kwenye mteremko breki zilipasha rimu moto, tambarare ya Korogwe ikaongeza yake, na Segera geji ilisoma 73. Kijana wa kompresa akainama apunguze. "Bosi, litapasuka hili." Nilimzuia mkono. Ile 65 ni kipimo cha tairi baridi, na waliolitengeneza walijua litapanda. Ukilipunguza likiwa na moto, kesho asubuhi litaamka na 57 au 58, litabonyea zaidi, litapata joto zaidi. Gari likiwa tupu wakati wa kurudi tunashusha hadi 40, kwa sababu pikapu tupu yenye 65 nyuma inarukaruka kwenye mashimo na haishiki lami ikinyesha.

Lipo jambo ambalo matairi hayakulitatua. Matairi mawili ya nyuma sasa yanaruhusu kilo 1,900, lakini beringi, difu na breki za Hilux hazikusoma jedwali hilo. Tulibishana na shemeji hadi usiku, nami nikashinda nusu: gunia nane, si kumi, na zinazobaki zinasubiri safari nyingine. Mkewe ndiye aliyeamua, kwa kweli, alipopiga hesabu ya matairi mapya dhidi ya faida ya gunia mbili.

Wiki tatu baadaye nililala chini ya gari kutafuta mahali mafuta ya difu yalipovujia. Spea ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo wake juu ya uso wangu, imejaa vumbi jekundu, aloi, 205/65R15, 94H. Nilipotoka shemeji alikuwa anakunywa chai. Alisema alijua, ila aliona ni ya dharura tu.