Kutoka jani la vinka hadi vinkristini

Katika tasnifu nyingi za utafiti wa mimea utakuta jedwali lilelile: alkaloidi zipo, tanini zipo, saponini hazipo. Mwanafunzi amesaga majani, ameyaloweka kwenye ethanoli, amedondoshea vitendanishi na kuweka alama za kujumlisha. Kazi hiyo ina thamani, ila ni hatua ya kwanza tu. Alkaloidi ni ukoo mkubwa, wenye kafeini na nikotini na sumu kali kadhaa ndani yake. Kusema zimo ndani ya jani ni sawa na kumwambia mpelelezi kwamba mwizi anaishi Kariakoo.

Namna safari hiyo inavyokamilishwa inaonekana vizuri kwenye mmea wa mapambo unaoota barazani kwa watu wengi: ule wa majani yanayong'aa na maua ya petali tano, ya waridi au meupe. Asili yake ni Madagaska. Leo wataalamu wanauita Catharanthus roseus, na hapa nitauita vinka, kutokana na jina lake la zamani, Vinca rosea.

Mwaka 1952 majani yake yalimfikia Robert Noble, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada. Yalitoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha kama chai ya kutibu kisukari. Panya walinyweshwa chai hiyo na sukari ya damu haikushuka. Walipodungwa dondoo lake, walikufa baada ya siku chache, miili imejaa majipu. Maabara nyingi zingeandika "ni sumu" na kufunga faili. Noble na wenzake waliuliza kwa nini bakteria wamewashinda panya ghafla hivyo, wakahesabu chembe nyeupe za damu, wakakuta zimeporomoka na uboho umedhoofu. Kitu kinachozuia chembe nyeupe kuzaliana kinaweza kuwa silaha dhidi ya saratani ya damu.

Hapo ndipo ninapoona ufundi wenyewe. Kuanzia siku hiyo walikuwa na kipimo. Mwanakemia Charles Beer alijiunga na kazi mwaka 1954, na kila alipoligawa dondoo katika mafungu, swali lilikuwa moja: ni fungu gani linalopunguza chembe nyeupe za panya? Fungu lililofanya hivyo liligawanywa tena, mengine yakawekwa kando. Bila kipimo hicho wangejikuta na makumi ya vitu safi vyenye sura ya kupendeza, wasijue cha kushika. Leo zaidi ya alkaloidi 130 zimetambuliwa katika mmea huu, na zile mbili zilizokuja kuwa dawa ni miongoni mwa zinazopatikana kwa kiasi kidogo kabisa.

Ugawaji wenyewe unategemea tabia moja ya alkaloidi: nyingi ni besi. Kwenye maji yenye asidi hugeuka chumvi na kuyeyuka, huku klorofili na nta vikibaki kwenye kiyeyushi cha kikaboni. Ukiongeza amonia, zinaacha maji na kurudi kwenye kiyeyushi. Ukifanya hivyo mara mbili tatu, uji wa kijani kibichi unabaki unga wa rangi hafifu. Gordon Svoboda wa kampuni ya Eli Lilly, aliyekuwa akiuchunguza mmea huohuo nchini Marekani, aliutumia ujuzi huo kwa ustadi wa pekee. Aliyalowesha majani makavu kwa asidi ya tartariki, kisha akayakamua kwa benzini. Alkaloidi zenye ubesi dhaifu zilitoka, zenye ubesi wa nguvu zikabaki. Baada ya hapo unga ulipitishwa kwenye safu ya alumina, kila kitu kikishuka kwa mwendo wake. (Benzini husababisha saratani; anayefanya kazi hii leo atafute kiyeyushi kingine.)

Mwaka 1958 Noble na Beer walitangaza vinblastini. Svoboda naye akaipata ndugu yake, vinkristini. Kisha likaja suala la utambuzi. Molekuli ya vinblastini ni C46H58N4O9, kubwa mno kwa vifaa vya wakati ule. Wanakemia walipoikata kwa asidi kali waligundua kuwa ni mbili zilizounganishwa, na nusu moja ilitokana na vindolini, alkaloidi iliyo tele katika majani hayohayo. Umbo kamili lilithibitishwa kwa eksirei za fuwele mwaka 1965, kazi ya watafiti Moncrief na Lipscomb.

Tofauti kati ya vinblastini na vinkristini iko kwenye atomi moja ya naitrojeni. Vinblastini ina kundi la methili hapo, vinkristini ina kundi la formili. Yaani haidrojeni mbili zimeondoka na oksijeni moja imeingia. Kwa hesabu ya haraka uzito umeongezeka kwa 14. Lakini 14 ni pia uzito wa kaboni moja na haidrojeni mbili, kwa hiyo mashine inayosoma namba nzima tu haiwezi kutenganisha hali hizo. Spektrometa ya leo yenye usahihi mkubwa husoma 13.979 kwa hali ya kwanza na 14.016 kwa ya pili, na shaka inakwisha. Na si jambo dogo kwa mgonjwa, maana vinblastini hulemea zaidi uboho na vinkristini hulemea zaidi neva. Ndiyo sababu pia chai ya majani haya haifai hata kidogo kuchukuliwa kama tiba ya saratani: haina kipimo, na vinkristini yenyewe hutolewa kwa mshipa tu, chini ya uangalizi.

Jijini Kampala, vinkristini iliingia katika matibabu ya watoto wenye limfoma ya Burkitt, uvimbe ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa hospitali ya Mulago. Kila gramu yake ilidai majani makavu kwa mamia ya kilo, pengine tani. Mwaka 2022 kundi la mwanasayansi Jay Keasling lilionyesha kuwa hamira iliyobadilishwa jeni inaweza kuzalisha vindolini na katharanthini, nusu mbili zinazounganishwa maabarani kuwa vinblastini. Hilo liliwezekana kwa sababu hatua ambazo mmea wenyewe hupitia kuzitengeneza zilikuwa zimeshafahamika, kimeng'enya kwa kimeng'enya.