Acha Mshono Uonekane

Picha za Michael Armitage nilizipendea kwa simu, nikiwa kwa matatu, jam imeshika. Rangi zake zilinimaliza. Lakini simu ilinificha kitu. Siku niliposimama mbele ya picha yenyewe, niliona matundu.

Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984, huchora kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti kinachotoka Uganda. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao hadi litandazike. Hubaki na matundu na mikunjo. Mengine hushonwa, na mshono haufichiki. Waganda hukitumia kuzikia wafu wao. Sasa fikiria: Armitage alienda mkutano wa upinzani Uhuru Park wakati wa kampeni za 2017, kisha akauchora umati ule juu ya sanda. Tuliokuwa hapa mwaka ule hatuhitaji maelezo. Watu walikufa, na bado tuliambiwa tukubali, tusonge mbele. Picha hizi hazisongi popote.

Cyrus Kabiru naye alitamani miwani akiwa mtoto, babake akamwambia ajitengenezee. Hajaacha tangu wakati huo: waya, vijiko, vifuniko vya chupa, chochote alichookota. Watu humsifu ati anageuza taka kuwa mali. Manze, sifa hiyo inanichosha. Ni kama kusema vitu hivyo havikuwa na maisha kabla msanii hajafika. Mimi nampenda kwa sababu kijiko kikishakuwa miwani bado ni kijiko. Unajua kilitoka jikoni kwa mtu.

Halafu kuna Wangechi Mutu. Kolaji zake huunganisha vipande vya majarida ya mitindo na michoro ya vitabu vya udaktari, hadi atokee mwanamke anayetisha na kupendeza kwa pamoja. Unaona kabisa mkasi ulipopita. Mwaka wa 2019 aliweka sanamu nne za wanawake nje ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kwenye nafasi zilizokaa tupu tangu 1902. Nilishangilia kama kila mtu. Lakini ukinilazimisha kuchagua, nitarudi kwa kolaji. Shaba ina heshima zake, ila inaficha mkasi.

Hicho ndicho ninachokitafuta kwa hawa watatu. Nchi yetu ni hodari wa kupaka rangi juu ya ufa, kisha kualika wageni. Wao wanauacha ufa hapo hapo, na kazi inapata uzuri wake kutoka hapo.

Kama uko Nairobi, pitia NCAI, kituo cha sanaa alichokianzisha Armitage. Huenda usikute picha zake, lakini utakuta za wachoraji wengine wa kwetu. Weka simu mfukoni. Sogea karibu, utafute mshono.