Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ na Kitabu Chake

Wako wahakiki wasemao kwamba Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ni mkavu: tajiri ni mwovu tupu, maskini ni mwema, na baina yao hapana mtu. Asomaye tafsiri yake ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, peke yake chumbani, hana budi kukiri kwamba lawama hiyo ina ukweli. Ahab Kĩoi hasitisiti hata mara moja.

Lakini mchezo huo haukutungwa kwa ajili ya chumba. Mwaka 1977, kijijini Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wakulima na vibarua walisomewa maandishi ya kwanza, wakayasahihisha. Mazoezi yalifanywa uwanjani, na apitaye aliweza kusimama na kutia neno lake; lugha isiyompasa mzee ilikataliwa na wazee wenyewe. Hati ya shamba la eka moja na nusu, itundikwayo ukutani kwa Kĩgũũnda, ni karatasi tu kwa msomaji. Kwa mtazamaji wa Limuru, ambako walowezi walitwaa ardhi wakapanda chai, kuona hati hiyo ikiwekwa rehani ili kulipia harusi ya kanisani lilikuwa jambo la nyumbani kwake.

Serikali nayo ilihakiki kwa njia yake. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba ruhusa ikaondolewa. Siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila ya kushtakiwa hadi Desemba 1978. Hata hivyo kitabu kilichapishwa mwaka 1980 kikauzwa madukani, na maneno yalikuwa yale yale! Mwaka 1982 jukwaa walilojenga wanakijiji kwa mikono yao likabomolewa na polisi. Kilichoogopwa, basi, ni mkutano ule wa watu.

Liko kosa moja, hata hivyo, ambalo uwanja haukulifuta. Gathoni hupewa mimba na mwana wa Kĩoi, hufukuzwa na baba yake, kisha huishia kuuza pombe baa. Wengine wote huimba na kuhojiana juu ya yaliyompata. Yeye mwenyewe hupewa maneno machache. Wanawake wa Kamĩrĩĩthũ walishiriki sana katika kazi ile, na ni vigumu kuamini kwamba hawakuwa na la kusahihisha hapo.