Ukuta Una Wasemaji Wengi

Mchoro wa ukutani haumaliziki siku mchoraji anapoosha brashi yake. Jua huubabua, mvua huuchubua, mwenye nyumba huupaka chokaa, na mwingine hubandika tangazo juu yake. Picha moja ya kamera hutuonyesha siku moja tu ya maisha hayo. Ndiyo maana sanaa ya video inastahili kutazamwa kwa makini, kwani yenyewe hubeba wakati ndani yake.

Mfano bora niujuao ni "Muto", filamu ya dakika saba hivi aliyoitoa mwaka 2008 mchoraji wa Italia ajiitaye Blu. Aliichora kwenye kuta za Buenos Aires, Argentina, na Baden, Uswisi. Alichora kiumbe, akakipiga picha, akakifuta kwa rangi nyeupe, akakichora tena hatua moja mbele. Picha zikiunganishwa, kiumbe hutambaa ukutani na kuacha nyuma yake njia nyeupe. Blu hakuificha njia hiyo, na hapo namvulia kofia: amekiri kwamba kila hatua mpya imeimeza ya kabla yake.

Hata hivyo nina neno. Humo mkono uchorao ndio huo huo ufutao. Mtaani mambo hayaendi hivyo. Katika kuta za jiji letu, toka Upanga hadi Kariakoo na kwingineko, mwenye nyumba huandika "Nyumba hii haiuzwi", kinyozi huchorewa kichwa kilichonyolewa, na serikali nayo huja na alama nyekundu ya X, yaani bomoabomoa. Hao wote wanajibizana. Blu mwenyewe aliyaonja hayo Desemba 2014, michoro yake miwili mikubwa ya Kreuzberg, Berlin, ilipopakwa rangi nyeusi kwa ridhaa yake, wakati eneo hilo likingojea majengo mapya.

Kariakoo nyumba za chini zinapisha ghorofa, na vibao vya fundi rangi vinapisha mabango ya mashine. Kijana mwenye simu angeweza kusimama mahali pale pale kila mwezi, saa ile ile, na kumwuliza fundi jina lake. Lakini kipimo changu kwake ni kimoja: je, atapiga picha hata siku ukuta ukiwa mtupu? Akiiruka siku hiyo, atakuwa ametuonyesha michoro tu, na mabadiliko yenyewe yatakuwa yamempita.