Picha ya Vita na Maneno Yaliyo Chini Yake

Mhakiki wa fasihi huyapima maneno kwanza, ndipo aitafute maana. Lakini mbele ya picha ya vita wengi wetu hufanya kinyume: twaitazama picha, twashtuka, na yale maneno machache yaliyochapwa chini yake twayameza bila kuyatafuna. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya uongo wa picha za vita haimo katika picha, bali imo katika maneno hayo. Na kwa hiyo kuuchambua uongo huo ni kazi ya mwalimu wa lugha kama ilivyo kazi ya mwanahistoria.

Picha za uongo zaweza kugawanywa katika namna tatu. Namna ya kwanza ni picha iliyopangwa. Huko Gettysburg, Marekani, mwaka 1863, Alexander Gardner na wenzake waliuhamisha mwili wa askari aliyekufa, wakaulaza penye mawe na bunduki kando yake, ili aonekane mlenga shabaha aliyefia mafichoni. Namna ya pili ni picha iliyochezewa. Mwezi Mei 1945 Yevgeny Khaldei alipiga picha ya askari wa Kisovieti wakipandisha bendera juu ya jengo la Bunge mjini Berlin. Kabla ya kuchapishwa iliongezewa moshi, na saa moja ikafutwa kwa askari aliyevaa saa mbili, isije ikadhaniwa kwamba ameiba. Namna ya tatu ni picha ya kweli iliyopewa maelezo yasiyo yake. Hii ndiyo ya hatari zaidi, kwani haina alama yoyote ya kufutwa wala kuongezwa. Ukiikagua kwa kioo cha kukuzia hutaona kasoro.

Historia ya Uganda yatupa mifano iliyo karibu nasi. Katika filamu ya Barbet Schroeder iliyotolewa mwaka 1974, Idi Amin aliwaamuru askari wake waigize shambulio la kuiteka Miinuko ya Golan. Vita hivyo havikupiganwa kamwe na jeshi la Uganda. Hata hivyo, kata kipande kimoja cha filamu hiyo, kitundike ukutani bila maelezo, na mwanafunzi atasema kwamba ameona vita.

Mfano wa pili wawauma hasa watu wa Tororo. Tarehe 16 Februari 1977 waliuawa watu watatu: Askofu Mkuu Janani Luwum, na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Huyu wa mwisho alikuwa mwana wa Padhola, na aliandika kitabu cha historia ya watu wake. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari, na picha ya gari lililopondeka ikachapishwa iwe ushahidi. Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, alitoroka nchini mwaka huo huo, akaeleza katika kitabu chake A State of Blood kwamba miili ilikuwa na majeraha ya risasi.

Hebu tuichambue picha ile. Gari lililopondeka ni gari lililopondeka, kamera haikuongopa. Kilichoongopa ni sentensi iliyoliunganisha gari lile na vifo vile. Picha haikuonyesha ni nani waliokuwamo, wala ni lini lilipondeka, wala ni nani aliyelifikisha pale. Yote hayo yaliletwa na maneno, na msomaji akadhani ameyaona kwa macho yake.

Kuna na uongo wa kunyamaza. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda mjini Kampala yalifanya onyesho la picha za zama za Amin, zilizochaguliwa katika hazina ya negativu 70,000 hivi iliyopatikana katika Shirika la Utangazaji la Uganda. Picha hizo zilipigwa na wapiga picha wa serikali. Zaonyesha mikutano, ziara na sherehe kwa wingi. Mateso ya vyumbani hayaonekani. Picha moja moja yaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado mkusanyo mzima ukampotosha mtazamaji, kwa kuwa mwenye kamera ndiye aliyechagua mahali pa kuielekeza.

Huenda mwalimu mwenzetu akauliza: je, tukiwazoeza vijana kushuku kila picha, hatutawapa wauaji nafasi ya kusema kwamba hata maiti za kweli ni za kughushi? Hoja hii ina uzito, na hapana budi ijibiwe. Shaka isiyo na kipimo ni ndugu wa uongo. Sisi hatuwafundishi wanafunzi kukataa; twawafundisha kuuliza. Maswali yale yale yaliyoiangusha hadithi ya ajali ndiyo yanayousimamisha ushahidi wa risasi: nani alishuhudia, lini, wapi, na kwa nini aaminike?

Kwa hiyo twapendekeza zoezi rahisi kwa shule za Busitema, Busia na Tororo. Mwezi Machi 1979 wapiganaji waliompinga Amin waliushambulia mji wa Tororo, na jeshi lake likaurejesha mikononi mwake baada ya siku chache. Mwalimu na achukue picha yoyote inayosemwa kuwa ni ya siku hizo, ayafunike maelezo yake, awaombe wanafunzi waandike kwa Kiswahili yale tu wanayoyaona. Kisha ayafunue maelezo, nao wapige mstari chini ya kila neno ambalo picha yenyewe haikulisema. Maneno hayo yaliyopigwa mstari ndiyo yanayodai shahidi. Na wazee walioishi siku zile wangali miongoni mwetu pande zote mbili za mpaka.

Kwa miaka mingi Waganda wengi walikijua Kiswahili kuwa ni lugha ya askari, lugha ya kuamrisha. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Haifai mtoto akipokee kama amri nyingine tu. Na akipokee kama chombo cha kuulizia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini haifiki mwisho wake mpaka apatikane mtu wa kumfuata mwongo huyo hatua kwa hatua.