Difu ya Civic Type R: nguvu ileile, mgawo tofauti

Mwaka 1997 Honda ilitoa Civic Type R ya kwanza, inayofahamika kwa namba ya bodi EK9. Wanaoisifu huanza na injini: B16B, sentimita za ujazo 1,595, nguvu farasi 185 kwenye mizunguko 8,200 kwa dakika, bila turbo. Lakini Civic SiR iliyouzwa wakati huohuo ilikuwa na farasi 170, na tofauti ya farasi 15 haitoshi kueleza kwa nini Type R ilitoka kwenye kona kwa namna nyingine kabisa. Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya giaboksi: difu ya meno ya mshazari, mojawapo ya zile zinazoitwa LSD, yaani difu zinazozuia gurudumu moja lisizunguke bure. Wenye SiR wamekuwa wakiihamishia difu hiyo kwenye magari yao, au kununua ya aina hiyohiyo kutoka kampuni ya Quaife ya Uingereza. Wengi hujua bei yake. Wachache hujua inafanya nini hasa, na inadai nini ili ifanye.

Tuanze na difu ya kawaida. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani, kwa hiyo lazima magurudumu mawili yanayosukumwa na injini moja yaweze kuzunguka kwa kasi tofauti. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya utaratibu huo mwaka 1827, na kanuni yake haijabadilika: kasi zinaweza kutofautiana, ila torki, yaani nguvu ya kuzungusha, hugawanywa sawa kwa sawa. Hapo ndipo penye kasoro. Tairi lenye mshiko mdogo haliwezi kupokea torki zaidi ya linayoweza kuishikilia barabarani, na kwa kuwa mgawo ni sawa, tairi lenye mshiko mzuri hulazimika kupokea kiasi hicho hicho kidogo. Dereva aliyewahi kukwama kwenye tope, tairi moja likirusha matope na la pili limetulia tuli, ameiona kanuni hii kwa macho yake.

Kwenye lami kavu jambo hilohilo hutokea kimyakimya. Tupige hesabu. Gia ya pili ya EK9 ina uwiano wa 2.105, na gia ya mwisho 4.400. Injini ikitoa torki yake ya juu, niutoni-mita 160, magurudumu ya mbele kwa pamoja yanapelekewa takriban 1,480. Sasa gari liko katikati ya kona kali na uzito umehamia upande wa nje. Kwa makadirio ya gari la ukubwa huu, tuseme tairi la ndani linaweza kupokea 340 kabla ya kuzunguka bure, na la nje 850. Kwa difu ya kawaida jumla inayofika barabarani ni 340 mara mbili: 680. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, ziada yote huishia kulizungusha tairi la ndani na kuchoma mpira. Tairi la nje, lenye uwezo wa 850, linatumia chini ya nusu ya uwezo huo.

Difu ya mshazari hubadilisha mgawo. Ndani ya kasha lake zimo gia ndogo zilizolala sambamba na shafti, meno yake yamekatwa kwa kuinama. Torki inapopita, mwinamo huo huzisukuma gia zijibane kwenye kuta za kasha. Torki ikiongezeka, msuguano nao huongezeka, na msuguano huo ndio unaolizuia gurudumu jepesi lisikimbie peke yake. Matokeo yake, gurudumu lenye mshiko linaweza kupewa torki mara kadhaa ya ile inayopokelewa na mwenzake. Tukichukua uwiano wa 2.5, kwenye kona yetu tairi la ndani linapata 340 na la nje 340 mara 2.5, yaani 850. Jumla ni 1,190 badala ya 680. Ni ongezeko la asilimia 75 kwa injini ileile, tairi zilezile na barabara ileile.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha udhaifu wa difu hii. Kinachofanyika ni kuzidisha, na sifuri ukiizidisha kwa 2.5 hubaki sifuri. Gurudumu la mbele la ndani likinyanyuka hewani, LSD ya mshazari hurudi kuwa karibu sawa na difu ya kawaida. Honda ililijua hilo, ndiyo maana Type R haikuja na difu peke yake. Ilikuja na springi ngumu na stabilaiza ya nyuma yenye nguvu, inayolazimisha sehemu ya nyuma ya gari ibebe mzigo mkubwa wa kuzuia bodi isilale kwenye kona. Kwa mpangilio huo, gurudumu linalonyanyuka ni la nyuma la ndani, ambalo halina kazi ya kusukuma, na la mbele hubaki limekanyaga lami. Anayehamisha difu bila kugusa stabilaiza na bushi zilizochoka anahamisha nusu ya mfumo.

Ipo pia LSD ya sahani za klachi, inayopendwa na wengi kwenye mbio. Hii hubanwa na springi muda wote, kwa hiyo hufanya kazi hata gurudumu moja likiwa hewani. Gharama yake ni kwamba sahani huisha, oili inahitaji dawa maalumu ya msuguano, hugonga na kulalamika wakati wa kupaki, na usukani huwa mzito kwenye kona za polepole. Kwa gari la kila siku linalosukumwa na magurudumu ya mbele, mshazari ndio uamuzi wenye busara. Haina sahani za kubadilisha na hutumia oili ya kawaida ya giaboksi.

Sasa kazi yenyewe, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kwanza, ulinganifu. Civic nyingi za kizazi hicho zina injini za familia D, na giaboksi zake si sawa na za familia B. Difu ya Type R haiingii humo. Wenye D watafute iliyotengenezwa kwa ajili ya giaboksi yao. Wenye SiR, ambayo ni B16A, wako salama zaidi, lakini bado wakague kama meno ya ndani ya difu yanapokea shafti zao.

Giaboksi ikishatoka kwenye gari, kasha halifunguki kwa kung'oa bolti za pembeni tu. Kuna plagi kubwa ambayo lazima itolewe ili kupitia tundu lake uipanue pete ya springi inayoshika beringi ya shafti ya gia. Asiyejua hupachika bisibisi kwenye maungio na kukwaruza uso wa aluminiamu, na hapo oili itavuja maisha yote, kwa sababu maungio haya hayana gasketi bali hutegemea silikoni na uso safi.

Difu ikitoka, gia kubwa ya mwisho huhamishwa kutoka kwenye difu ya zamani kwenda kwenye mpya. Bolti zake zina nyuzi za kinyume: hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Bolti nyingi zimevunjwa hapa na mafundi wenye nguvu na haraka. Hufungwa kwa kuvuka, bolti moja upande huu, inayofuata upande wa pili, hadi niutoni-mita 101 kwa spana ya kupimia torki. Ile gia ndogo inayoendesha kipima-mwendo nayo ihame, la sivyo gari litatembea huku mshale umelala kwenye sifuri. Beringi ziwe mpya na ziingizwe kwa presi. Nyundo huacha alama kwenye njia ya gololi, na alama hiyo hugeuka mvumo baada ya muda.

Hatua inayofuata ndiyo inayotenganisha fundi na mfunga bolti. Difu mpya haina urefu uleule kabisa na ya zamani, kwa hiyo nafasi kati ya beringi na shimu ya milimita 80 inayoikalia lazima ipimwe upya. Kasha hufungwa kwa muda, kisha fila geji hupitishwa kwenye tundu la sili. Kipimo cha Honda ni kati ya 0 na milimita 0.10. Ikizidi, difu hucheza upande kwa upande, gia ya mwisho hugusana vibaya na sili huanza kuvuja. Ikibana kupita kiasi, beringi huungua. Shimu huuzwa kwa unene tofauti kwa sababu hiyo hasa. Fundi anayesema shimu ya zamani inatosha kabla hajapima anabahatisha kwa mali yako.

Swali la mnunuzi anayetafuta giaboksi iliyotumika kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road ni hili: nitajuaje kama humu mna LSD? Giaboksi ikiwa bado imo kwenye gari, wengi hufanya jaribio la jeki: magurudumu juu, gia huru, zungusha moja. La pili likizunguka kinyume, wanasema ni difu ya kawaida. Jaribio hilo linafaa kwa LSD ya sahani, ambayo huyazungusha yote upande mmoja. Kwa ya mshazari linaweza kukupotosha, kwa sababu pasipo mzigo gia zake hazijibani, na gurudumu la pili linaweza kugeuka kinyume kama kawaida. Kilicho hakika ni kuchungulia kupitia tundu la shafti au kufungua kasha.

Baada ya kufunga, usukani nao una neno. Rudi kwenye kona yetu: tairi moja linavuta 340, jingine 850. Tofauti hiyo hufika mikononi kama mvuto wa ghafla. Ford iliionja mwaka 2002 kwenye Focus RS, gari la nguvu farasi 215 lenye difu ya Quaife, lililosifiwa kwa mshiko na kulaumiwa kwa usukani uliovuta huku na huko. Focus RS ya mwaka 2009 ilikuwa na farasi 305 na bado ilisukumwa na magurudumu ya mbele, lakini Ford ilibuni upya kifundo cha mbele, ikakiita RevoKnuckle, ili kufupisha umbali ambao mvuto huo unautumia kuugeuza usukani. Difu ilibaki ya Quaife. Kilichobadilika ni saspensheni. Civic ya farasi 170 haina shida ya ukubwa huo, ila bolijointi na bushi zilizolegea ambazo difu ya kawaida ilizivumilia zitajitokeza wiki ya kwanza.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi ya fedha uwe huu: tairi nzuri kwanza, bushi na bolijointi pili, stabilaiza ya nyuma iwe ya tatu, difu ya nne. Ukiwa na tatu za mwanzo, ya nne itakulipa kila unapotoka kwenye kona. Na kama shida yako kubwa ni tope la masika, difu ya mshazari si dawa kamili. Itakusaidia tu ikiwa tairi linaloteleza lina upinzani kidogo, na hapo kuna mbinu ya bure: gusa breki kidogo huku ukikanyaga mafuta. Breki hulipa tairi linaloteleza upinzani, difu inauzidisha na kuupeleka upande wa pili.

Aendeshaye mjini tu, kwenye foleni, hataiona tofauti yoyote. Anunue tairi.