Nani Anapiga Kasia?

Pengine uliulizwa ukiwa mdogo. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, na anataka kuvuka mto. Mtumbwi ni mdogo, unambeba yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi kwisha. Akimwacha mbuzi na majani, majani kwisha. Atavukaje?

Kwetu fumbo hili lilikuwa la jioni ambazo stima zimepotea. Nilikutana nalo tena nikiwa na miaka 22, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, likifundishwa na mzee wa Kimarekani mbele ya ubao. Kwake chui alikuwa mbweha, mbuzi alikuwa bata bukini, na majani yalikuwa nafaka. Mzee huyo ni Patrick Winston, na huo ulikuwa mhadhara wa kwanza wa 6.034, kozi ya utangulizi ya akili mnemba katika chuo cha MIT. Mihadhara ilirekodiwa mwaka 2010 na chuo kikaiweka kwenye intaneti bure. Winston alifariki mwaka 2019, lakini bado anamfundisha yeyote mwenye bando.

Nataka kuichambua kozi hii jinsi tunavyochambua riwaya. Ina mwandishi, ina mpangilio, na kuna watu imewaacha nje ya hadithi.

Kwanza niseme nilifikaje huko. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilichangia, lakini siwezi kuisingizia karo kila kitu. Somo letu la akili mnemba lilianza wiki ya nne, lekchara alipojitokeza. Alitusomea slaidi, kisha akatuambia ni zipi hazikosi kwenye mtihani. Nikakariri aina nne za wakala, nikaziandika jinsi zilivyo, nikapata B. Sikuwa nimeelewa kitu. Ile B iliniuma kuliko ambavyo ningefeli, kwa sababu ilinionyesha chuo kilikuwa kinanilipisha kwa nini.

Sasa mtazame Winston. Kwanza anakataza laptopu darasani, kwenye kozi ya kompyuta. Kisha anawaambia wanafunzi kwamba ukishakipa kitu jina, umepata nguvu juu yake. Nilicheka, kwa sababu sisi kitu chenyewe tumekipa majina matatu na bado tunabishana: akili bandia, akili unde, akili mnemba. Anayesema bandia tayari ameishuku. Anayesema unde anakukumbusha kuna fundi aliyeunda. Anayesema mnemba anakutuma kwenye kamusi. Kila jina ni msimamo, hata kama mwenye kulitumia hajui.

Halafu anarudi kwenye mto, na hapo ndipo nilipogundua nimedanganywa miaka miwili. Hafundishi jibu. Anafundisha namna ya kuliandika swali. Vitu ni vinne, mwenye mtumbwi akiwemo, na kila kimoja kiko ng'ambo hii au ile. Hizo ni hali 16. Toa zile ambazo kuna anayeliwa, zinabaki 10. Chora hizo kumi, unganisha zinazofikika kwa safari moja, na jibu linajitokeza lenyewe kwenye karatasi: safari saba. Nilichora nyuma ya risiti ya supamaketi. Sikuwa nimewahi kuona swali likijitatua kwa sababu tu limepangwa vizuri.

Na kuna kitu nilikiona kwenye ile risiti. Katikati ya safari lazima umrudishe mbuzi. Umeshamvusha, kazi imeisha, halafu unamrudisha ulikomtoa. Programu inayohesabu tu vitu vilivyokwisha kuvuka itakataa hatua hiyo, kwa sababu inaonekana kama hasara. Itakwama hapo milele ikiwa na alama nzuri. Sitasema niliacha chuo ili nimrudishe mbuzi. Niliacha kwa sababu nilichoka na sikuwa na pesa. Lakini nilikaa na ile risiti muda mrefu.

Uzuri wa pili wa Winston ni kwamba haogopi kuvunja uchawi. Mhadhara wa pili anafungua programu ya James Slagle ya mwaka 1961, iliyoweza kufanya hesabu za kalkulasi walizokuwa wakipewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa MIT. Inaonekana ni akili kweli. Kisha anaonyesha ndani: orodha ya mbinu, moja baada ya nyingine, na njia ya kuchagua pa kuanzia. Ukishaona inavyofanya kazi, ile akili inayeyuka. Hapo nilielewa kwamba hofu na sifa tunazoimwagia mashine mara nyingi ni ishara kwamba hatujaangalia ndani.

Linganisha na kozi iliyoitikisa dunia mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig waliifungua kozi ya Stanford ya utangulizi wa akili mnemba kwa yeyote mtandaoni. Watu zaidi ya 160,000 walijiandikisha, kama 23,000 wakamaliza. Wengi waliimba kwamba chuo kikuu kimekufa. Mimi naangalia wale zaidi ya 130,000 walioachia njiani. Kwa hesabu hiyo mimi si mtoro, mimi ni kawaida. Kufungua mlango ni jambo jema, lakini mtu anaweza kuingia kwa mlango wazi na bado asijue akae wapi.

Basi, Winston amepita? Nilidhani hivyo, mpaka siku niliyomweleza jirani yangu wa ploti lile fumbo. Yeye hulipwa kuchora visanduku kwenye picha, usiku kucha: gari, mti, mtu anayevuka barabara, katika miji ambayo hajawahi kukanyaga. Alisikiliza hali zangu 10 zote na safari zangu saba. Kisha akaniuliza, "Sasa profesa, huyo anayepiga kasia mara saba, analipwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na kozi pia haina. Ndani ya lile fumbo mpiga kasia ni kitu cha nne tu, herufi ubaoni. Hachoki. Mwaka 2015 Winston aliongeza mihadhara mipya kuhusu nyurali neti, na kwa ungwana mkubwa akakiri kwamba miaka mitano nyuma somo hilo lilikuwa karibu kutolewa kwenye mtaala. Profesa akimrudisha mbuzi mbele ya wanafunzi wake, hilo namheshimu. Anaeleza mfumo wa Toronto ulioshangaza dunia kwa kutambua picha, na mamilioni ya vigezo vilivyomo ndani. Lakini picha hizo zilitoka ImageNet, hazina ya zaidi ya picha milioni 14 ambazo watu waliajiriwa kupitia Amazon kuzipa majina, moja moja. Mhadhara unakaa na vigezo. Haukai na hao watu.

Mtu atasema hiyo ni siasa, haihusu utangulizi. Nakataa, na nakataa kwa kutumia kanuni ya Winston mwenyewe: ukikosea kuliandika swali, jibu lako halina maana. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba Wakenya walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha na kuyawekea lebo, ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka. Hiyo ni sehemu ya jinsi mashine inavyofanya kazi, sawa na kalkulasi. Kozi isiyoionyesha imefungua kifuniko nusu, na ule uchawi ambao Winston alikuwa hodari wa kuuvunja unarudi kupitia mlango wa nyuma.

Kwa hivyo nikipewa darasa la mwaka wa kwanza hapa Nairobi, na najua hakuna atakayenipa, wiki ya kwanza ningeiacha jinsi Winston alivyoiacha. Chui, mbuzi, majani, karatasi. Wiki ya pili kila komredi aweke lebo kwenye picha 500, ajipimie muda, kisha ahesabu angelipwa ngapi. Mtihani uwe na swali moja: eleza mashine hii, na usimwache mtu yeyote nje ya mtumbwi.

Jirani yangu angepata A.